Anti Anauza Keja Marekani? Tulia, Bado Hujaomoka

Sikiza, kabla uanze kupiga hesabu ya ploti Kitengela.

Unajua ile stori huingia kwa WhatsApp ya familia: anti amekaa majuu miaka ishirini na kitu, amechoka na baridi, amechoka na shifti za usiku za kuangalia wazee wa wenyewe, sasa anauza nyumba arudi nyumbani. Wajomba tayari wanaulizana hiyo ni mita ngapi. Kuna mtu ashaanza kuongea na fundi. Halafu binamu mmoja mjanja anatafuta tangazo lenyewe mtandaoni, analirusha kwa grupu, na kila mtu ananyamaza. Bei ni dola 9,000. Kwa pesa zetu hiyo ni kama milioni moja na laki moja na nusu. Bei ya Probox ambayo ishazunguka Githurai miaka kadhaa.

Hapo ndio maneno huanza. Wengine wanasema anaficha doo. Wengine wanasema amechezwa na mabroka. Picha zinaonyesha keja ya vyumba vitatu, jiko kubwa, maji moto, mahali pa kuegesha gari. Nyumba kama hiyo Syokimau huwezi kuigusa. Sasa inauzwaje kwa bei ya gari? Na yale maneno yameandikwa chini ya tangazo, kwamba inauzwa vile iko, yanamaanisha nini?

Nikuchanue. Uwezekano mkubwa ni kwamba hakuna anayedanganya. Anti yako hana nyumba vile wewe unaelewa nyumba. Ako na trela. Na bei ya trela ya zamani haiamuliwi sana na paa inayovuja ama zulia lililochakaa. Inaamuliwa na mchanga ulio chini yake, na huo mchanga si wake.

Tuanze na kitu chenyewe, juu video za TikTok za "nyumba za bei rahisi Marekani" zimechanganya watu sana. Hizi keja zinajengwa kiwandani, zinakalishwa juu ya chasisi ya chuma, kisha zinavutwa na lori hadi mahali zitakaa. Kuna zile za upana mmoja, ndefu na nyembamba kama kontena iliyonyooshwa. Kuna za upana mara mbili, zinazokuja vipande viwili vya kuunganishwa hapo hapo. Ukishaifunika chini kuficha magurudumu, uweke ngazi na maua mawili matatu, inakaa nyumba kama nyumba nyingine. Wamarekani wengi bado wanaiita mobile home, ingawa jina hilo kisheria lilipitwa na wakati kitambo. Zaidi ya watu milioni 20 wanaishi humo. Chukua watu wote wa Nairobi waliohesabiwa kwa sensa ya 2019, zidisha mara nne, na bado hujafika.

Na si watu waliofeli maisha. Ni wastaafu, mafundi, wahudumu wa hoteli, wahamiaji, wasaidizi wa manesi. Mtu amefika Texas ama Georgia, kodi ya fleti inameza nusu ya mshahara, na kila mwisho wa mwezi kuna fee ya shule ya mtu Kenya. Mwaka 2024 Wakenya wa ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, na Marekani peke yake ilitoa nusu na zaidi. Sasa mtu anayetuma hivyo anabaki na ngapi ya kuweka deposit ya nyumba ya matofali? Trela ilikuwa akili. Kwa hivyo ukianza kumcheka anti kwenye grupu, kumbuka ni nani alikulipia form two.

Tarehe moja ndiyo inatenganisha trela na trela: 15 Juni 1976. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1974, na kuanzia hiyo siku ya Juni kila nyumba ya kiwandani ikalazimika kufuata viwango vya taifa chini ya wizara ya nyumba, HUD. Waya za stima, moto, mabomba, ukuta, yote. Kila kipande kinachotoka kiwandani kinagongwa kibati chekundu nje, na ndani kuna karatasi ya maelezo, mara nyingi imebandikwa ndani ya kabati la jikoni ama karibu na boksi ya stima. Za kabla ya hapo zilijengwa vile kila kiwanda kiliona inafaa. Ndiyo maana leo FHA, shirika la serikali linalodhamini mikopo ya nyumba, haligusi trela ya kabla ya hiyo tarehe, na kampuni nyingi za bima zinaikimbia. Hiyo ina maana gani kwa muuzaji? Mnunuzi wake lazima awe na keshi mkononi. Na watu wenye keshi mkononi huwa hawanunui bei ya juu, hata hapa Kenya unajua.

Kuna mstari mwingine pia. Kimbunga Andrew kilipiga Florida Agosti 1992 na kikafagia mitaa mizima ya trela. Kufikia 1994 sheria za upepo zikakazwa. Kwa hivyo trela ya 1988 na ya 1996 zinaweza kufanana kwa picha, lakini mtu anayejua ataangalia mwaka kwanza, vile wewe ukiona namba ya gari KBA na KDM huhitaji kuambiwa kitu.

Na kuzungumza kuhusu magari, hapa ndipo watu wetu wengi hushtuka. Trela iliyo kwenye ardhi ya mtu mwingine haina title deed. Iko na kitu kama logbook. Ndio, logbook. Kule Florida, karatasi ya umiliki wa trela inatolewa na idara ile ile inayotoa karatasi za magari na leseni za udereva. Texas inatoka idara ya nyumba ya jimbo, California vilevile, lakini wazo ni moja: kisheria hii ni mali inayohamishika, kama gari, mpaka siku itakapofungwa kabisa kwenye ardhi ya mwenyewe na ile karatasi irudishwe serikalini. Hata mikopo yake mingi ni kama ya gari, ya muda mfupi na riba ya juu kuliko ya nyumba ya kawaida.

Sasa fikiria mambo yote umewahi kuona kwa gari ambalo halijafanyiwa transfer. Mwenye jina kwa logbook alikufa 2011. Mjane aliuzia jirani kwa mdomo. Jirani akauzia anti yako, wakaandikiana kikaratasi, wakashikana mikono, na hakuna aliyeenda ofisini. Miaka kumi na tano baadaye anti anataka kuuza na karatasi bado inasoma jina la mzee aliyezikwa. Ama kuna mkopo ulilipwa ukaisha lakini benki haikuwahi kuondoa jina lake kwa karatasi, na hiyo benki ilishamezwa na nyingine mara mbili. Ama kuna ushuru wa kaunti haujalipwa, na Texas kwa mfano deni hilo linaweza kuandikwa kabisa kwenye rekodi ya trela na kumfuata mwenye kununua. Ikiwa ni ya vipande viwili, kuna majimbo kila kipande kina karatasi yake, na unapata kimoja kipo na kingine kilipotea wakati wa kuhama.

Maneno "vile iko" hayatibu hata moja ya hayo. Unaweza kuuza sakafu mbovu vile iko. Huwezi kuuza umiliki ambao huna. Ikiwa kuna kazi moja anti anafaa kufanya kabla ya kupiga picha hata moja ya tangazo, ni kusafisha hiyo karatasi. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi, na ndiyo kitu mabroka hutumia kumtisha mtu: "Mama, hizi karatasi zako zina shida, nitakusaidia, chukua dola 3,000." Yeye ataenda ofisini, alipe ada ndogo, ajaze fomu, aiuze 15,000. Hiyo tofauti ndiyo bei ya kutojua.

Lakini tuseme karatasi iko safi. Bado kuna landilodi.

Trela nyingi za watu wa kipato cha chini zimekaa kwenye ploti za kukodisha. Wewe unamiliki keja, mwenye ploti anamiliki ardhi, barabara, mabomba ya chini, na geti. Kila mwezi unamlipa kodi ya mahali. Ukiwa umekulia Mathare ama Mukuru hii si hadithi ngeni: kuna mwenye mabati na kuna mwenye ardhi, na mwenye mabati analala jicho moja wazi. Tuliona 2024 baada ya mafuriko, serikali ilipobomoa keja kando ya Mto Mathare. Ahadi iliyotangazwa ilikuwa shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa. Mtu alikuwa na keja za kukodisha sita, saba, zinamlipa kila mwezi. Ardhi ikitoka chini yake, bei ya mabati inarudi kuwa bei ya mabati.

Marekani wao wana sheria zaidi na notisi ndefu zaidi, sikatai. Lakini hesabu ni ile ile.

Mtu atauliza, si iko na magurudumu? Si uivute uende nayo? Jina linadanganya. Kuhamisha trela kunahitaji lori maalum, vibali, wakati mwingine gari la kusindikiza barabarani, kisha kuikalisha upya na kuunganisha maji, stima na maji taka. Bili inaanza elfu kadhaa za dola, na ya vipande viwili inaweza kupita 15,000 bila wasiwasi. Nyingine zikivutwa baada ya miaka thelathini zinapasuka njiani. Na hata ukifika, ploti nyingi hazipokei trela iliyozidi umri fulani, kwa sababu wenyewe wanataka mtaa ukae mpya. Ndiyo maana nyingi zikishawekwa mara ya kwanza hazitoki tena hadi zibomolewe.

Wawekezaji wanajua hili vizuri sana. Frank Rolfe, mmoja wa wamiliki wakubwa wa hizi ploti na mwalimu wa wanaotaka kuingia hiyo biashara, aliwahi kuifananisha na mkahawa wa Waffle House ambapo wateja wamefungwa minyororo kwenye viti. Hakusema hivyo kulalamika. Alikuwa anaeleza kwa nini ni biashara tamu. Na pesa kubwa ikasikia. Kampuni za hisa kama Sun Communities na Equity LifeStyle ziko sokoni New York, na mifuko ya Wall Street kama Blackstone na Carlyle nayo ikanunua ploti. Warren Buffett yeye alikuwa upande wa kujenga: kampuni yake Berkshire Hathaway ilinunua kiwanda cha Clayton mwaka 2003. Mwaka 2019 huko North Liberty, Iowa, wakaazi wa ploti moja waliletewa barua kwamba mwenye ardhi amebadilika na kodi inapanda kwa zaidi ya asilimia 50. Wazee wa pensheni. Kelele ikafika hadi Washington, Seneta Elizabeth Warren akaandikia wawekezaji barua za kutaka majibu, na John Oliver akatoa kipindi kizima mwaka huo huo.

Sasa weka hiyo kwa hesabu ya kuuza, juu hapa ndipo bei ya anti inapotea bila mtu yeyote kugusa nyumba. Chukua mfano wangu. Mnunuzi anaweza kutoa dola 1,000 kwa mwezi kwa makao, si zaidi. Kodi ya ploti ikiwa 450, anabaki na 550 ya kulipia keja yenyewe. Kwa miaka mitano hiyo ni 33,000, tukiacha riba kando. Kodi ya ploti ikipanda hadi 750, anabaki na 250. Kwa miaka mitano ni 15,000. Paa ni ile ile, zulia ni lile lile, lakini dola 18,000 zimehama kutoka mfuko wa anti hadi kwa landilodi kupitia barua ya ukurasa mmoja. Halafu mtu kwenye grupu anasema hakujua kubargain.

Kuna zaidi. Mara nyingi mwenye ploti lazima amkubali mnunuzi: anaangalia historia yake ya madeni, rekodi ya uhalifu, mapato. Mnunuzi akikataliwa, dili imekufa. Kuna ploti zenye sheria kwamba trela ya zamani ikiuzwa lazima iondolewe, ingawa majimbo mengine yanazuia hiyo. Na kuna mchezo mmoja mchafu ambao sheria hauushiki kwa urahisi: meneja anakataa wanunuzi wawili watatu kwa sababu zisizoeleweka, muuzaji anachoka, kodi inaendelea kumkula, kisha ofisi ya ploti inajitolea "kumsaidia" kwa kuinunua dola 2,000. Mwezi unaofuata inapakwa rangi na kukodishwa. Sisemi kila landilodi hufanya hivyo. Nasema mfumo unamruhusu, na mtu mwenye haraka ya kupanda ndege ndiye mteja mzuri wa mchezo huo.

Ndiyo sababu mazungumzo ya kwanza ya kuuza hayafai kuwa na mnunuzi. Yanafaa kuwa na ofisi ya ploti, na majibu yawe kwa maandishi. Trela inaruhusiwa kubaki baada ya kuuzwa? Mnunuzi atalipa kodi ile ile ama mpya? Wanataka marekebisho gani kabla wakubali transfer? Wakisema ngazi ibadilishwe na ukuta wa nje uoshwe, hayo ndiyo marekebisho ya kufanya. Mengine yote ni hiari.

Haya, turudi kwa "vile iko" yenyewe, kwa sababu ndiyo inachanganya pande zote mbili.

Kwa Kiswahili cha Kirinyaga Road, "vile iko" ni kusema: macho ni yako, ukishalipa usinirudie. Marekani maana haiko mbali sana na hapo. Muuzaji hatarekebisha kitu na hatoi garanti. Lakini haina maana kwamba anaruhusiwa kudanganya. Ukijua paa inavuja na upake rangi kuficha doa wiki ya kuonyesha nyumba, hayo maneno mawili hayakulindi mbele ya jaji. Na nyumba za kabla ya 1978 zina sheria yao ya taifa kuhusu rangi yenye risasi, ile madini si ya bunduki: unachojua lazima useme. Ushauri wangu ni wa kinyume na akili ya broka: andika kasoro zote kwenye karatasi, mnunuzi atie sahihi. Choo cha pili hakifanyi kazi. Sakafu karibu na dirisha imelainika. Ukisema yote, "vile iko" inakuwa na nguvu. Ukificha, ni maneno tu.

Kasoro zenyewe zinajulikana. Sakafu za trela nyingi za zamani ni za mbao zilizobanwa, na maji yakiingia zinavimba kama mkate uliodondoka kwa chai. Kuna mabomba ya plastiki ya kijivu yanayoitwa polybutylene, yaliyotumika kuanzia mwisho wa miaka ya sabini hadi katikati ya tisini. Yalipasuka kwa watu wengi hadi kesi kubwa ya fidia ikamalizwa mwaka 1995. Kuna waya za aluminiamu kwenye zile za mwisho wa miaka ya sitini na mwanzo wa sabini, ambazo miunganisho yake hupata moto. Kuna kitambaa kinachofunga tumbo la nyumba kwa chini, kikipasuka panya wanahamia na baridi inaganda mabomba.

Je, arekebishe kabla ya kuuza? Hapa nitasimama upande wa anti. Kuweka paa mpya ya dola 7,000 kwenye trela ya 1974 iliyo kwa ploti ya mtu ni kumwagia maji mchanga. Mnunuzi hatakurudishia hata nusu, kwa sababu analipia mahali, na benki haitampa mkopo bila kujali paa inang'aa vipi. Kwa nyumba ya umri huo "vile iko" ni uamuzi wa busara kabisa. Ila kuna vitu vidogo vya kufanya: zima kila mahali panapovuja maji, piga ubao mpya pale mguu unazama, toa takataka zote, safisha harufu. Mtu akiingia na mguu uzame mlangoni, anatoka hapo hapo. Hiyo ni mia kadhaa za dola na wikendi mbili.

Ikiwa ni ya 1999 na imekaa kwenye ardhi ambayo anti mwenyewe alinunua, sahau karibu kila kitu nimesema kuhusu bei. Hapo anauza ardhi na nyumba, mnunuzi anaweza kupata mkopo wa kawaida, na "vile iko" inaweza kumtoa pesa nyingi bila sababu. Hapo ni kuita mthamini kabla ya kumsikiza mtu yeyote wa vibao vya barabarani.

Wale wa vibao ni akina nani? Ukiendesha gari mitaa hiyo utaona matangazo kwenye nguzo za stima: tunanunua trela yako, keshi, siku saba. Wengine ni halali na kwa mtu mwenye dharura wanasaidia. Wengine hawana hata hiyo keshi. Wanakufunga kwa mkataba wa siku tisini, kisha wanazunguka kutafuta mnunuzi wa kweli na kukula tofauti ya katikati. Wasipompata wanakuacha kwenye mataa, na wewe umelipa kodi ya ploti miezi mitatu ukiwangoja. Kabla ya kutia sahihi angalia kama wameweka amana isiyorudishwa. Asiyeweka hata dola 500 mezani anakodisha jina lako tu.

Mtego mwingine ni kuuza polepole, mnunuzi alipe kidogo kidogo kila mwezi. Kwa karatasi unapata bei nzuri, hata mara mbili. Lakini mpaka karatasi ibadilishwe, kwa ofisi ya ploti jina ni lako. Mnunuzi akiacha kulipa kodi ya mahali, anayetafutwa ni wewe, na uko Nyeri unachuma majani chai. Kuna majimbo pia yanataka muuzaji wa mikopo aina hiyo awe na leseni. Kwa mtu anayehama nchi, mimi ningechukua 9,000 leo kuliko 18,000 za ahadi.

Kuna upande wa matumaini pia, na si mdogo. Huko Meredith, New Hampshire, mwaka 1984 wakaazi wa ploti moja ndogo walikusanyika, wakakopa, wakanunua ardhi chini ya keja zao kama ushirika. Chama, kwa lugha yetu. Leo kuna ploti zaidi ya 300 Marekani zinazomilikiwa na wakaazi kwa mtindo huo. Kodi inapangwa kwa mkutano, si kwa barua kutoka jimbo lingine. Ukisikia anti anaishi kwenye ploti ya aina hiyo, bei yake inasimama vizuri zaidi, kwa sababu mnunuzi anaweza kukadiria kesho. Na Washington kwenyewe, Julai 2025 kamati ya benki ya Seneti ilipitisha kwa kauli moja mswada wa nyumba ambao, pamoja na mengine, unataka kuondoa lile sharti la 1974 kwamba lazima nyumba ya kiwandani ikae juu ya chasisi daima. Hiyo itapunguza gharama ya zile mpya. Kwa ya anti haileti kitu, na inaweza hata kumletea ushindani.

Kwa hivyo ukimpigia simu wikendi hii, wacha kumuuliza ni mita ngapi. Muulize karatasi iko kwa jina la nani. Muulize kodi ya ploti ni ngapi na ilipanda lini mara ya mwisho. Muulize kama ofisi imemwandikia kwamba trela inaweza kubaki. Na muulize amekata tiketi ya tarehe ngapi, kwa sababu hilo ndilo swali linaloweza kumpoteza hata hizo 9,000.

Akipanda ndege kabla ya kuuza, kodi ya mahali haipandi ndege naye. Inaendelea kuhesabiwa kila mwezi. Ikipita miezi michache bila kulipwa, mwenye ploti anaenda kortini, trela inahesabiwa kama imeachwa, na inaweza kupigwa mnada kulipia deni. Ikibidi aondoke mapema, amwachie mtu wa kuaminika hati ya kumwakilisha, kwenye fomu inayokubaliwa na ile idara iliyotoa karatasi ya trela, na aitie sahihi akiwa bado huko. Akisahau akumbuke akiwa Kenya, italazimu aende ubalozi wa Marekani pale Gigiri kugongewa muhuri. Miadi ni ya mtandaoni, na kila muhuri mmoja ni dola 50.